Cousins, Darnold au McCarthy: njia tatu za kumpata kwotabeki na bei ya kila moja

Machi 2024 Minnesota Vikings walikaliwa kooni na swali ambalo timu nyingi za NFL, ligi ya soka la Kimarekani, hulikwepa miaka nenda miaka rudi: kwotabeki, yule mrushaji anayeongoza mashambulizi, apatikane vipi na kwa bei gani. Kirk Cousins, kwotabeki wao kwa misimu sita, alikuwa anakaribia miaka 36, kano yake ya kisigino ilikatika Oktoba iliyotangulia, na bado alitaka mkataba mnene. Ndani ya wiki saba walimwacha aende Atlanta, wakamleta Sam Darnold kwa mwaka mmoja, kisha wakamchukua kijana J.J. McCarthy wa chuo kikuu cha Michigan kwenye drafti, ule mgao wa kila mwaka ambapo timu huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, zilizofanya vibaya zikitangulia.

Njia zote tatu za kumpata kwotabeki, yaani mzoefu wa bei kubwa, aliyetupwa na wengine na kijana wa drafti, zilipita kwenye meza ya timu moja katika majira yaleyale. Ndiyo maana sisi tunaoishi huku Minnesota tukibishana habari za usajili, hata mjadala ukianzia Dallas au Cleveland, mwisho wake hurudi kwa hawa watatu. Kinyozi wangu wa Brooklyn Park, Mkongo wa Bukavu, hajachoka mpaka leo. Ana tabia ya kuzima mashine katikati ya kazi ili nimjibu, na mtu aliyenyolewa nusu kichwa hana pa kukimbilia.

Kwanza hesabu yenyewe, maana bila hiyo ubishi wote ni kelele. Kama umezoea usajili wa Simba na Yanga au wa Ligi Kuu ya Uingereza, sahau ada ya uhamisho. NFL hubadilishana wachezaji na nafasi za kuchagua vijana kwenye drafti. Halafu kila timu ina kikomo kimoja cha mishahara: dola milioni 255.4 mwaka 2024, milioni 279.2 mwaka 2025. Hicho ndicho kinacholisha kikosi cha watu 53. Dola anayoongezewa kwotabeki hutoka kwenye sahani ya wale majitu wa mstari wa mbele wanaomkinga asivunjwe mbavu, au ya mpokeaji anayepaswa kuudaka mpira wake.

Jambo la pili ni kwamba mkataba wa milioni 180 si milioni 180. Mchezaji anaweza kukatwa njiani, na kinachobaki mkononi mwake ni zile fedha za uhakika tu. Kwa upande wa timu, bonasi ya kusaini hulipwa mara moja lakini kwenye vitabu hugawanywa kwa miaka kadhaa. Mchezaji akiondoka kabla ya miaka hiyo kwisha, mgao uliobaki unaiangukia timu. Mashabiki wa Marekani wanaiita pesa mfu. Mwaka 2024 Vikings walibeba dola milioni 28.5 za namna hiyo kwenye kikomo chao kwa jina la Cousins, huku mwenyewe anavaa jezi ya Atlanta.

Sasa waweke bega kwa bega, kwa bei za masika ya 2024:

| | Cousins | Darnold | McCarthy |
|---|---|---|---|
| Timu | Atlanta | Minnesota | Minnesota |
| Mkataba | miaka 4, dola milioni 180 | mwaka 1, dola milioni 10 | miaka 4, karibu dola milioni 22 |
| Wastani wa mwaka ukilinganishwa na kikomo cha 2024 | asilimia 17.6 | asilimia 3.9 | asilimia 2.1 |
| Msimu wa 2024 | mechi 14, kisha benchi | ushindi 14 katika mechi 17 | hakucheza, goti |

Mzoefu wa bei kubwa

Cousins si mbovu, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Angekuwa mbovu, hakuna ambaye angehangaika naye. Desemba 17, 2022, Vikings walikuwa nyuma kwa pointi 33 dhidi ya Indianapolis Colts, wakarudi wakashinda 39 kwa 36. Hakuna timu iliyowahi kufuta pengo kubwa kama hilo katika historia ya ligi, na mrushaji alikuwa yeye. Haukupita mwezi, mechi ya mchujo, ile hatua ya mtoano baada ya msimu wa kawaida, dhidi ya New York Giants, nyumbani, wako nyuma 31 kwa 24 dakika za mwisho. Jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, wanahitaji kusogea yadi nane, wakikosa msimu umekwisha. Cousins akabanwa, akamrushia T.J. Hockenson pasi fupi. Yadi tatu. Hockenson akaangushwa palepale, na mashabiki waliobaki uwanjani hawakuamini kwamba mtu anaweza kurusha yadi tatu wakati anadaiwa nane.

Huyo ndiye kwotabeki wa nafasi ya kumi kwa ubora kwenye ligi. Atakupa siku ya Colts na siku ya Giants, na bei yake ni ya nafasi ya tano. Misimu sita Minnesota, ushindi wa mchujo mmoja tu, New Orleans Januari 2020. Na sokoni hana mbadala anayeonekana, kwa hiyo anapandisha bei bila kujibanza. Mwaka 2018 Vikings walimpa milioni 84 za uhakika zote kwa miaka mitatu, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa kwotabeki kwenye mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja. Atlanta nao wakampa milioni 100 za uhakika ndani ya zile 180, halafu wiki sita baadaye wakatumia chaguo la nane la drafti kumchukua Michael Penix Jr., kwotabeki mwingine! Yaani umejenga nyumba ya ghorofa kisha umepanga chumba kwa jirani. Kuna kipindi Cousins alicheza mechi tano akatoa pasi moja tu ya tachidauni, yaani ya kuufikisha mpira mwisho wa uwanja, na kunasiwa na wapinzani mipira tisa. Desemba akaketishwa. Oktoba 2025 alianza tena mechi moja, na nafasi yenyewe akairudia Novemba, Penix alipoumia goti.

Atlanta wana wenzao. Denver walitoa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, mawili ya raundi ya pili na wachezaji watatu ili wampate Russell Wilson mwaka 2022, wakamwongezea mkataba wa milioni 245 kabla hajacheza hata mechi moja, na Machi 2024 wakamkata. Pesa mfu: milioni 85 kwa miaka miwili. Cleveland ndiyo kilio kikubwa kuliko vyote. Machaguo matatu ya raundi ya kwanza kwenda Houston, milioni 230 za uhakika zote kwa Deshaun Watson, na katika misimu mitatu ya kwanza akacheza mechi 6, 6 na 7. Kinachochoma zaidi, msimu wa 2023 aliyewafikisha kwenye mchujo ni Joe Flacco, mzee wa miaka 38 ambaye miezi michache kabla alikuwa nyumbani hana timu.

Je, kuna wakati wa kulipa bei ya juu? Upo. Patrick Mahomes alisaini miaka kumi, milioni 450, Julai 2020. Wakati ule kikomo kilikuwa milioni 198.2, kwa hiyo wastani wake ulikuwa kama asilimia 22.7. Watu walishika vichwa. Kikomo kilipofika milioni 279.2, wastani uleule wa milioni 45 umekuwa asilimia 16. Klabu imeshamsogezea pesa kadhaa mbele tangu hapo, lakini hesabu ya msingi inabaki: mkataba mrefu na mtu sahihi hushuka bei wenyewe kila kikomo kinapopanda. Josh Allen wa Buffalo, milioni 330 kwa miaka sita Machi 2025, nauweka kwenye kapu hilohilo bila kusita. Dak Prescott kwa milioni 60 kwa mwaka, hapo nasita, na nimeshagombana na watu wa Dallas vya kutosha, sina haja ya kuongeza.

Aliyetupwa na wenzako

Darnold alichaguliwa wa tatu na New York Jets mwaka 2018. Oktoba 2019, mechi ya Jumatatu usiku dhidi ya New England, Jets wamechapwa 33 kwa 0, amenasiwa mipira minne, na kipaza sauti cha televisheni kikamnasa pembeni ya uwanja akisema anaona mizimu. Kuanzia usiku ule jina lake likawa utani. Akapelekwa Carolina, akaishia benchi San Francisco. Ndiyo maana bei yake Machi 2024 ilikuwa milioni 10, hela ya mtu unayemchukua akukalie kiti mpaka mwenyewe afike.

Akashinda mechi 14. Yadi 4,319, tachidauni 35, mipira 12 iliyonaswa. Lakini angalia alichokikuta: kocha Kevin O'Connell, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa kwotabeki, na Justin Jefferson wa kumrushia. Kwotabeki wa kutupwa anafufuka pale tu ambapo nyumba imeshajengwa. Baker Mayfield ni hivyohivyo: Cleveland ilimwondoa ili Watson apite, akapita Carolina na Los Angeles, akatua Tampa Bay mwaka 2023 kwa milioni 4 akawakuta wapokeaji Mike Evans na Chris Godwin wanamsubiri. Mwaka uliofuata akasaini milioni 100 kwa miaka mitatu.

Ubaya wa njia hii ni kwamba ikifanikiwa inakuletea shida mpya. Mwaka mmoja ukiisha, mtu wa milioni 10 ni mtu wa milioni 30 na ushee. Na mechi mbili za mwisho za Darnold zilichanganya kila mtu: akapigwa Detroit 31 kwa 9, kisha mchujo dhidi ya Rams akaangushwa mara tisa kabla ya kuutoa mpira mkononi, 27 kwa 9. Vikings wangeweza kumzuia mwaka mmoja kwa kama milioni 40 wakitumia haki yao ya kumfunga mchezaji huru. Hawakutaka. Seattle wakampa miaka mitatu, milioni 100.5, wastani ambao ni asilimia 12 ya kikomo cha 2025.

Mimi siku ile nilikuwa upande wa kumwacha aende. Nililisema wazi, kwenye kiti, nusu kichwa kikiwa hakijanyolewa. Kinyozi akaniuliza: "Ndugu yangu, mtu amekushindia mechi 14, unamfungulia mlango mwenyewe?" Nikamjibu kwa zile mechi mbili. Akaniambia nihesabu na wale walioshindwa kumkinga, siyo yeye peke yake.

Kijana wa drafti

Hapa bei ndiyo kila kitu. Zamani haikuwa hivi. Mwaka 2010 Sam Bradford, chaguo la kwanza, alipewa mkataba wa miaka sita wa milioni 78, milioni 50 za uhakika, kabla hajarusha pasi moja. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakakubaliana ngazi maalumu ya mishahara ya vijana, na Cam Newton, chaguo la kwanza vilevile, akapata milioni 22 kwa miaka minne. Tangu hapo kwotabeki kijana anayeweza kucheza ndiye bidhaa ya bei nafuu kuliko zote kwenye ligi. Timu ina miaka minne, wa raundi ya kwanza mitano, ya kujaza kikosi kwa pesa ambayo mwenzio anamlipa mtu mmoja. Denver walioungua kwa Wilson walipona hivyo: mwaka uleule waliomkata, walimchagua Bo Nix wa 12, na wakaingia kwenye mchujo pamoja na mzigo wote wa pesa mfu.

Lakini drafti ni kutega samaki kwenye maji ya tope. Mwaka 2021 makwotabeki watano walichukuliwa raundi ya kwanza: Trevor Lawrence, Zach Wilson, Trey Lance, Justin Fields, Mac Jones. Aliyepata mkataba wa pili kwenye timu iliyomchagua ni Lawrence tu. San Francisco walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza ili wapande mpaka nafasi ya tatu kwa ajili ya Lance. Akawaanzia mechi nne. Aliyewaokoa ni Brock Purdy, chaguo la 262 mwaka 2022, la mwisho kabisa, aliyewafikisha Super Bowl, fainali ya ligi, kwa mshahara usiofika milioni moja. Mei 2025 wakamlipa milioni 265 kwa miaka mitano. Ukitaka kujua ugumu wa kazi hii, kumbuka kwamba watu walewale, ofisi ileile, ndio walimtaka Lance kwa gharama ile na Purdy kwa bahati.

McCarthy sasa. Vikings walipanda nafasi moja kumchukua wa kumi. Agosti 2024, mechi ya kwanza ya majaribio, gegedu ya goti ikachanika na msimu wote ukapotea. Ndipo Darnold akapata uwanja. Septemba 2025 McCarthy alianza Chicago, robo tatu za mchezo akionekana amepotea njia, robo ya nne akatoa tachidauni mbili kwa mkono na moja kwa miguu, wakashinda 27 kwa 24. Usiku ule nilimpigia kinyozi simu. Sikupaswa. Kifundo cha mguu, kichwa, mkono wa kurushia, vyote vikaumia kwa zamu, akacheza mechi 10 na timu ikamaliza na ushindi 9 na vipigo 8. Kijana wa drafti hukupa bei, hakupi ratiba. Huwezi kumwambia Jefferson asubiri ujana wake upite wakati kwotabeki anajifunza.

Kuhusu zile orodha za makwotabeki, nani wa ngapi

Zisome kwa raha zako, usizifanyie usajili. Orodha inakwambia nani bora, haikwambii kwa bei gani na mpaka lini. Machi 2023 Baltimore walimwacha Lamar Jackson kwenye hali ambayo timu yoyote ingeweza kumpa mkataba, mradi iwe tayari kulipa machaguo mawili ya raundi ya kwanza. Alikuwa na miaka 26 na tuzo ya MVP, ya mchezaji bora wa ligi, ya 2019. Hakuna aliyeleta karatasi. Timu zilizokuwa na makwotabeki wa kuokoteza zilikaa kimya, yeye akasaini Baltimore milioni 260 na msimu uleule akabeba MVP ya pili. Kila orodha ilimweka juu. Walioshika kalamu waliogopa goti, waliogopa fedha za uhakika za mtindo wa Watson, waliogopa kila kitu isipokuwa kubaki walipo.

Ningechagua nini

Kama timu yako ina mmoja wa wale watano wa juu, mlipe, mlipe mapema, na mkataba uwe mrefu. Mjadala umekwisha.

Kama una mpokeaji mkali, ukuta wa mbele unaosimama na kocha anayejua kufundisha urushaji, nenda kwa aliyetupwa, lakini usimpe mwaka mmoja. Hapo ndipo Vikings walipoteleza, kwa maoni yangu. Miwili, wa pili ukiwa na njia ya kutokea, ingewagharimu milioni chache zaidi Machi 2024 na ingewaokoa Machi 2025. Kumchagua kijana wakati huohuo si kosa. Kosa ni kumfungia mkubwa mlango kabla mdogo hajasimama.

Kama nyumba yenyewe haina paa, drafti, na uvumilie. Usimlete mzoefu wa milioni 45 nyuma ya ukuta unaovuja: atapigwa, ataumia, na utabaki na pesa mfu pamoja na timu mbovu.

Na mzoefu wa nafasi ya kumi kwa bei ya nafasi ya tano simchagui kwa hali yoyote. Heri kushinda mechi sita na kijana kuliko tisa na Cousins, kwa sababu tisa hazikufikishi popote na drafti inayofuata unachagua katikati ya foleni. Kuna wanaosema heshima ya mashabiki ina thamani yake, tiketi zimelipiwa. Ni kweli zimelipiwa. Nimezilipia mimi pia.

Tarehe 8 Februari 2026 Darnold alicheza Super Bowl akiwa na Seattle, dhidi ya New England walewale wa usiku wa mizimu, akashinda 29 kwa 13. Wiki hiyo nywele zangu zilikuwa zimenifikia masikioni, ikabidi niende. Kinyozi alinifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaninyoa mwanzo mpaka mwisho bila kuizima hata mara moja na bila kusema neno. Alikuwa amevaa jezi namba 14, ya Darnold. Haikuwa ile ya zambarau ya Vikings.